Ndimu ya Bi Mwanakombo na Bakora za Sukari

Kwanza mnyamaze. Mnanicheka nikisema nimestaafu eti kwa sababu nina miaka thelathini na mbili. Nani aliwaambia kustaafu ni mvi? Kustaafu ni mikono. Leteni mikono yenu muiweke kando ya yangu, halafu tuone nani atacheka. Hiki kifundo cha mkono wa kulia kikipulizwa na AC kinauma mpaka kwa bega. Nimevuta sukari ya moto miaka tisa. Daktari akasema halas, basi, na mimi nikasema halas, ingawa nilimjibu kwa ukali kidogo mpaka nesi akafunga mlango.

Kwa hivyo nyinyi wasichana watatu mlioletwa juzi kwa jiko la peremende la Madam Abir, hapa Al-Baghdadiyah, Jeddah, nyinyi ambao jana nimewakuta mnapima shira kwa kidole. Kidole! Jamani! Nyinyi ndio nawaandikia. Bandikeni karatasi hizi kwa ukuta, mahali mtaziona kila siku.

Kabla ya kazi niseme msimamo wangu. Peremende ya nanaa sijawahi kuipenda, na nimetengeneza za kujaza lori. Kwetu Bungoma nanaa ilikuwa ya watu wawili tu, mwenye kikohozi na pasta aliye karibu kuanza mahubiri marefu. Mtu mzima mwenye afya ale nanaa kwa raha zake? Afadhali apige mswaki tu, ladha ni hiyo hiyo. Na Krismasi yetu ilikuwa chapati, kuku, soda ya kugawana, na nguo mpya unayoivaa na karatasi ya bei bado inaning'inia ili watu waone. Peremende ulipewa kiganjani, za rangi rangi, zenye ladha ya machungwa au ya kitu ambacho hakijulikani ni nini. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kusema sikukuu ya Desemba iwe na ladha ya nanaa. Nani aliitisha huo mkutano? Baridi iko nje tayari, unaongeza nyingine mdomoni ya nini?

Na ile nanaa wanayoificha ndani ya chokoleti, hiyo ni dhambi. Sibishani na mtu.

Lakini kazi ni kazi, na kazi nilifundishwa na Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo ni mama wa Mombasa, Mji wa Kale. Kabla ya kuja Saudia aliuza gubiti kwenye mageti ya shule tangu hajaolewa. Kama hujui gubiti, wewe umelelewa vibaya. Ni sukari inayopikwa mpaka inakaa kama gundi ya moto, inaning'inizwa kwa msumari mkubwa ukutani, inavutwa, inakunjwa, inavutwa tena, mpaka inageuka nyeupe na kung'aa kama hariri. Unaikata vipande, inaganda, mtoto anaiuma. Ndani yake kuna ndimu. Ndimu ndiyo inayozuia sukari isirudi kuwa chenga chenga, na Bi alikuwa akiimimina bila kijiko. Alitazama tu sufuria, akaikamua ndimu kwa kiganja, kokwa zikabaki katikati ya vidole. Hakukosea hata siku moja mbele ya macho yangu. Mimi, mtu wa kujifunzia kila kitu kwa video za simu, nilikuwa nikimtazama mdomo wazi.

Siku Madam Abir alipotuonyesha picha ya peremende mpya anayoitaka, Bi aliishika simu mbali na macho kama watu wa umri wake.

“Hii n'nini? Bakora?”

“Ni peremende, Bi. Ya nanaa.”

“Mbona ina mpini wa bakora?”

“Inaning'inizwa.”

“Wapi?”

“Kwa mti.”

“Peremende mtini?” Akanitazama. “Ili wale kunguru?”

Madam Abir hakutaka maneno ya mti wala ya Krismasi. Alisema ni peremende za shita, za msimu wa baridi, basi. Dada yake, Madam Hanan, ana duka la zawadi Riyadh na wasichana wa huko wanazitaka sana. Nikauliza, wanazila? Madam akacheka. Hawazili! Wanakoroga nazo kahawa ya maziwa, wanapiga picha, wanaziacha kwa sahani. Niliposikia hivyo nilikaa chini. Yaani mtu aunguze vidole, avute sukari mpaka misuli ilie, asokote mistari myekundu na myeupe mmoja mmoja, ndiyo kitu kiwe mwiko wa kahawa? Bi akaniambia, “Wewe vuta. Wakishalipia, wakitaka wajikune nayo mgongo.”

Tangu siku hiyo tukaziita bakora. Hata Madam akazoea.

Sasa hapa nisimame kidogo niwaambie mambo ya mikono, maana nikisahau mtaungua. Glavu ya pamba ndani, ya mpira nje, samli kidogo juu. Ukivaa ya mpira peke yake, sukari ikiishika haitoki, na ngozi itatoka nayo. Shira hampimi kwa kidole, narudia! Mnachukua bakuli la maji baridi, mnadondosha tone. Likikaa laini, bado. Likipinda, bado. Likivunjika ka! kama kijiti kikavu, toeni motoni hiyo dakika, msijibu simu, msiulizane nani ameona kitambaa. Na mafuta ya nanaa yanaingia wakati sukari imeanza kupoa kwa jiwe la marumaru, kwa tone, si kwa kifuniko.

Hilo la kifuniko najua kwa nini nalisema. Mwezi wangu wa pili nilisoma chupa vibaya nikamimina kifuniko kizima kwa sukari inayochemka. Mvuke ulipanda kama ngumi. Sikuona kitu. Nilikuwa nalia, nakohoa, na bado nabishana na chupa. AC ikaubeba ule mvuke mpaka kwa fundi cherehani wa juu, fundi akakimbilia ngazi akipiga kelele kwamba gesi imevuja, mlinzi akatoa watu wote jengoni. Tukasimama barabarani, jengo zima, machozi yanatiririka kama tuko matangani. Mimi nikaanza kufoka, chupa ndiyo mbovu, aliyeandika chupa ndiye mbovu. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kreti anapangusa macho kwa ncha ya buibui, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

“Wee Nasimiyu,” akasema, “leo mtaa mzima umepona mafua.”

Halafu akamwambia Madam kwamba alikuwa kando yangu na hakunionya, kwa hivyo tulaumiwe wawili. Hakuwa kando yangu. Alikuwa anaswali. Tangu siku hiyo, mtu akimgusa Bi Mwanakombo alikuwa amenigusa mimi, na watu waligusa wakajuta. Muulizeni yule mwenye duka la viungo aliyemwita kikongwe.

Sasa msikilize, maana hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nyinyi mnaweza kulifanya kwa moyo mweupe kabisa.

Bi alikuwa na magoti mabovu. Kabla ya jiko kufunguliwa, alifanya kazi miaka minne kwa mama mzazi wa Madam Abir, villa ya Al-Hamra, karibu na bahari. Nyumba nzuri, ndiyo. Lakini ghorofa tatu na hakuna lifti. Jiko chini, bibi mwenyewe juu kabisa, ana kengele mkononi. Chai, kengele. Dawa, kengele. Miwani imeangukia hapo hapo mguuni, kengele. Bi alitoka nyumba ile akiswali kwa kiti. Kwake kazi ya peremende ilikuwa mapumziko. Unasimama pahali pamoja, sakafu moja, mikono tu ndiyo inateseka.

Basi Madam Abir akaja na oda ya dada yake. Maboksi thelathini ya bakora kwenda Riyadh. Akatuita mbele ya jiwe la marumaru, akasema bila kuzunguka, maana yeye hajui kuzunguka.

“Nasimiyu, shufi, tazama. Oda hii ikifika sawa, jiko linaendelea. Ikiharibika, mafi, hakuna jiko tena, mume wangu amechoka na hasara. Wewe utakuja nyumbani kwangu. Mama Kombo atarudi kwa mama yangu.”

Mama Kombo ndiye Bi, jina zima lilimshinda Madam. Bi alipitisha mkono kwa goti, juu ya buibui, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Tulipika wiki mbili. Mimi nasokota mistari, Bi anapinda mpini kwa kijiti cha ufagio alichokilainisha kwa jivu. Zikitoka zilikuwa nzuri mno, na tulizifunga na kuzitia boksini siku ile ile. Hata mimi nisiyependa nanaa nilisimama nikazitazama.

Lakini mimi mtu wa video. Kuna jioni nilikuwa naangalia fundi mmoja wa peremende kwa simu, mtu wa mbali huko, akasema kitu kikanichoma. Alisema asidi, ndimu au siki, ikipikwa na sukari inaigeuza, inakuwa ile aina inayovuta maji kutoka hewani. Mahali pakavu si shida. Mahali penye unyevu, peremende italia. Nikaangalia dirisha letu. Jeddah! Bahari iko pale, kioo kinatoa jasho hata Desemba, chumvi mezani haitoki kwa chupa mpaka uigonge. Nikasema hapana. Bi hawezi kukosea. Nikajibishana na simu.

Halafu nikajaribu kwa siri, Bi akiwa ameenda kununua plastiki. Nikapika kikombe kimoja bila ndimu, kwa ile shira nzito ya glukosi wanayotumia wapishi wa keki, ambayo Bi alikuwa akiiita gundi ya bahasha. Nikaweka vipande vyangu dirishani kwa sahani, kando yake vipande vya Bi. Sahani nikaifunika gazeti.

Jumanne nikafunua gazeti. Vyangu vikavu, vinagongana kama vigae. Vya Bi vimelowa, vimeshikana, ukiviinua vinanyanyuka na sahani.

Nilishtuka mpaka nikarudisha gazeti haraka kama mtu aliyeona uchi wa mzazi wake.

Nilipaswa kumwita hapo hapo. Jikoni, mlango umefungwa, sisi wawili. Tulikuwa na siku mbili, tungepika usiku na mchana. Lakini niliangalia alivyokaa pale anafunga bakora moja moja kwa plastiki, anazisokota ncha, anazihesabu kwa Kiarabu, na nikasema bora mdomo wangu ukatike kuliko nimwambie. Nikaiambia nafsi yangu labda maboksi yatazuia hewa. Labda video ni ya uongo. Nikavitupa vile vipande, nikaosha sahani, nikaenda kumsaidia kufunga. Hata nikaimba.

Alhamisi tukaondoka baada ya alfajiri. Dereva alikuwa Omondi, Mjaluo wa Siaya, mtu wa mdomo kama mimi, kwa hivyo njia nzima tulikuwa tunapimana.

“Nasimiyu, hiyo mizigo yenu ikinuka hivi mpaka Riyadh, pua yangu itaomba ikama yake yenyewe ya kuishi Saudia.”

“Pua yako kwanza iombe shimo la pili, hilo moja limeshindwa kazi.”

“Mama, unamsikia huyu? Nimshushe jangwani?”

“Mshushe,” Bi akasema bila kufungua macho. “Ngamia watamrudisha wenyewe kabla ya adhuhuri.”

Mimi nikacheka kwa mdomo tu. Kila gari likiruka kwa tuta nilisikia maboksi nyuma.

Tulifika Riyadh jioni. Nyinyi mliozoea Jeddah hamjui baridi ya Riyadh. Ni kavu, inakupasua mdomo kabla hujamaliza salamu. Nikashika mlango wa gari, cheche! Nikaruka. Duka la Madam Hanan linang'aa taa kila pembe, sahani za klija, zile biskuti zao za viungo za wakati wa baridi, ambazo kwa maoni yangu zinaishinda nanaa mara mia, na mbele kabisa rafu tupu imesafishwa, inatungoja sisi. Madam Hanan ni mpole kuliko dada yake. Alimletea Bi kiti kabla ya kutuuliza jina.

Akafungua boksi la kwanza mwenyewe, kwa mkasi, anatabasamu.

Woi! Mnajua sabuni iliyosahaulika kwa beseni? Bakora zilikuwa zimelala zikashikana, kitu kimoja, donge. Wekundu ulikuwa umetiririkia weupe, plastiki zimelowa ndani, na mistari yote tuliyoisokota hakuna, ni waridi tupu. Boksi la pili hivyo hivyo. La tatu nikalifungua mimi kwa vidole, nikavunja kucha. Hivyo hivyo. Ninajua nilikuwa najua. Lakini kujua na kuona ni vitu viwili, nilishtuka kama mtu ambaye hakujua lolote.

“Nini hii?” Madam Hanan akauliza polepole. Akampigia dada yake, akaweka simu kwa spika.

Sauti ya Madam Abir ikajaa duka. Nani? Nani ameharibu? Nani alipika? Bi alikuwa ameinuka kwenye kiti. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya boksi, anabonyeza lile donge, anabonyeza tena, uso wake umekuwa mdogo. Nikaona ngazi za Al-Hamra. Nikasikia ile kengele, haki ya Mungu, na sijawahi kuingia nyumba ile.

“Ni mimi, Madam!” nikapiga kelele. “Nilitia ndimu nyingi. Bi hakuwepo. Nilitia mwenyewe, ndimu ndiyo imefanya hivi. Nirudishe mimi, nifukuze mimi!”

Halafu Bi akatoa mkono kwa boksi.

“Ndimu imefanya nini?”

“Bi, acha nizungumze.”

“Nimekuuliza, ndimu imefanya nini?”

Akanishika mkono wa nguo akaniingiza stoo, katikati ya makaratasi ya zawadi. Omondi alikuwa mle anatafuta maji ya kunywa. Akatazama uso wa Bi, akatoka bila maji.

Nikamwambia yote. Video, sahani, dirisha, gazeti.

“Hiyo ilikuwa siku gani?”

“Jumanne.”

“Na sisi twaondoka Alhamisi.”

“Ndiyo, Bi.”

“Siku mbili.” Alisema kwa sauti ndogo, na ningependelea anizabe kofi. “Siku mbili wanitazama nafunga peremende mbovu, moja moja, kwa vidole hivi. Na weye waniimbia.”

“Nilikuwa nakulinda!”

“Wanilinda na n'nini? Na sukari? Sukari naijua kabla mamako hajakuzaa.”

“Nilijua utaumia, Bi. Ni ndimu yako. Ningekuambiaje?”

“Kwa mdomo! Huo mdomo ambao kila siku watukana chupa na madereva!” Sasa alikuwa anapiga kelele, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. “Gubiti yangu huliwa siku ile ile, getini, kabla kengele ya pili. Haijalala hata siku moja. Mimi ningejuaje ikilala hufanya nini? Weye wajua, wanyamaza, wanileta kilomita zote hizi nije niaibike mbele ya mwanamke aliyenipa kiti! Halafu wanisingizia kwamba sikuwepo jikoni mwangu. Umenifanya mtoto, Nasimiyu. Umenifanya mzigo.”

Nikaokota karatasi ya zawadi iliyoanguka, nikaikunja, nikaikunja tena.

Akatoka stoo, akaichukua simu mezani. “Madam, ndimu ni yangu. Mkono ni wangu. Huyu hakutia kitu, aliniogopa tu. Maji ya hewa ya Jeddah yameingia. Dadako ana jiko nyuma ya duka. Nipe sukari, nipe siku tano, nitazipika hapa. Nikishindwa, nitapanda ngazi za mamako bila neno.”

Madam Abir alifoka mpaka akaishiwa pumzi. Madam Hanan ndiye aliyesema yalla, haya, rafu iko wazi mpaka Jumanne, wapike.

Asubuhi Omondi akatumwa kutafuta sukari, ndimu na glukosi. Nikadhani Bi atanifukuza jikoni. Akaweka sufuria mbili.

“Hii ya gundi yako napika mimi. Ile ya ndimu wapika weye.”

“Bi, mimi sijawahi kukamua ndimu yako.”

“Na mimi sijawahi kushika gundi. Tutajua sote leo.”

Alinisimamisha nikakamua kwa kiganja, kokwa katikati ya vidole. Ya kwanza nilizidisha, akaimwaga yote bila kunitazama. Ya pili akanusa akasema haya. Yeye kwa upande wake alinukuu kila neno nililosema kuhusu glukosi, aliuliza mara tatu, alidondosha tone kwa maji baridi akalisikiliza kama redio. Na sukari ya Riyadh ni mnyama mwingine, mnisikie. Hewa ni kavu, inaganda mkononi ukiwa bado unavuta. Mwenzako lazima akae na taa ya joto juu ya jiwe. Tukaungua wote. Hatukuongea zaidi ya “shika” na “achia”.

Tukapanga bakora za glukosi na za ndimu kwa trei mbili, wazi, bila plastiki, pale pale dukani. Siku ya kwanza nilienda kuzigusa kila saa. Nilikuwa naomba, na sijui nilikuwa naomba nini. Za glukosi zikauke ili oda iokoke? Za ndimu zilowe ili ionekane nilikuwa sahihi? Moyo wa mtu ni takataka wakati mwingine.

Siku ya tatu Bi akaniita. Akaokota bakora ya glukosi akaigonga mezani. Ka! Akaokota ya ndimu akaigonga. Ka!

Nikaichukua nikaigonga mwenyewe. Ka! Nikaigusisha shavuni. Kavu. Weupe ni weupe, wekundu ni wekundu. Zote mbili! Nilisimama pale kama nimepigwa na stima.

“Ndimu haina kosa,” Bi akasema. “Kosa ni kuipika kule kisha kuilaza.”

Madam Hanan akaonja zote mbili. Ya glukosi akasema nzuri. Ya ndimu akaivunja ncha, akaivunja tena, akaita mfanyakazi wake aje aonje. Nanaa ikiwa na ndimu kwa nyuma haikugandi mdomoni, inafunguka, inamaliza na utamu. Hata mimi niliimaliza nzima. Sitaki mnikumbushe.

Tukapika maboksi yote kwa ndimu, pale pale, usiku na mchana, mfanyakazi wa Madam Hanan akitusaidia kufunga, na Jumanne rafu ikajaa. Wasichana wakaja wakapiga picha. Mmoja alikoroga kahawa kwa bakora yake, akailamba, halafu akaila mpaka kwenye mpini. Nikamshika Bi mkono, nikamwambia, “Ona! Anakula!”

Madam Abir akapiga simu. Jiko la Jeddah linaendelea, halas, rudini. Nikaruka. Nikaanza kufunga begi la Bi, nikakunja buibui zake, nikatia na mkeka wake wa kuswalia.

“Huo toa,” akasema.

“Utaswali njiani?”

“Mimi nabaki.”

Nilidhani anatania. Alikuwa ameshazungumza na Madam Hanan, na Madam Hanan ameshazungumza na dada yake, ikama itahamishwa. Chumba chake kiko nyuma ya jiko. Hakuna hata ngazi moja.

“Na mimi?” Nilipaza sauti mpaka Omondi akashuka garini. “Na mimi, Bi? Nimepigana na mtaa mzima kwa ajili yako! Unaniacha kwa sababu ya hewa kavu?”

“Naam,” akasema. “Huku ndimu yangu yakaa, na magoti yangu yakaa. Jeddah yataka mtu wa kupika bila ndimu. Nani mwengine ajua?”

Nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa. Yeye akavaa glavu ya pamba, akavaa ya mpira, akapaka samli. Sufuria ilikuwa tayari. Nikabeba begi langu moja nikatoka kwa hasira, nikaketi mbele na Omondi, nikafunga mlango kwa nguvu. Gari lilipozunguka nikageuka. Mlango wa nyuma wa jiko ulikuwa wazi, na yeye yuko pale kwa kulabu ya ukutani, anaivuta ile sukari, inakuja nyeupe, anaikunja, anavuta tena, ananitazama mimi. Hakunipungia mkono. Angepungaje? Mikono yote miwili ilikuwa kwenye sukari, na ilikuwa bado ya moto.